Milioni Moja na Moja

Hakuwa na meno mawili ya mbele, hakuwa na digrii, hakuwa na subira, na kikokotoo hakukitaka ndani ya nyumba yake. Alichokuwa nacho fundi cherehani huyu mstaafu ni cheti cha shule ya usiku, kimetundikwa ukutani juu ya cherehani, na jina la Profesa, ambalo mtaa mzima ulimpa kwa dhihaka naye akalipokea kwa mikono miwili.

Mwaka huo Profesa alijitwika namba tasa, zile zisizogawanyika ila kwa moja na kwa zenyewe. Alitaka kubwa, ya kwake, akachagua milioni moja na moja kwa kuwa ilipendeza mdomoni. Akaijaribu mezani kwa chaki ya kukatia nguo: kwa tatu, kwa saba, kwa kumi na moja. Kila mara kikabaki kipande. Kitabu chake cha hesabu kilimtaka aendelee hadi karibu na elfu. Alipofika tisini na saba mgongo ukagoma, naye akaona kitabu kimezidisha.

"Tasa!" akapiga meza. "Tasa kabisa! Ukubwa wote huo, hata kamoja hakuna!"

Nyuma ya pazia, sebuleni, dada yake mkubwa alikuwa ameketi na mawifi zake. Dada huyu hakujaliwa mtoto. Alimlea Profesa kama mwanawe, tangu wazazi wao walipofariki. Akainuka, akachukua mkoba.

"Nimekulea kwa mikono yangu," alisema mlangoni, "leo unanitangaza mbele ya mawifi!"

"Dada, ni hesabu!"

"Ndiyo, umenihesabu."

Akaenda zake, na simu hapokei.

"Mwandikie," mkewe akamwambia. Profesa akajaza kurasa tatu juu ya namba tasa. Mke akazisoma amesimama.

"Mume wangu, hii ni barua au mtihani? Msamaha uko wapi?"

"Kwanza aione hesabu yenyewe."

Akarudi mezani kuinakili, na ili inoge akaongeza jaribio moja tu baada ya tisini na saba: mia na moja. Ikaingia. Ikaingia mara elfu tisa mia tisa na moja, bila kubakisha chembe. Akarudia. Ikaingia tena, bila haya.

"Kuna nini?" mkewe akauliza.

"Kumbe si tasa."

"Nani?"

"Namba."

Mkewe alicheka mpaka akakalia vitambaa.

Profesa alishika kitambaa cha kufutia chaki. Akifuta, nani angejua? Akakiweka chini, akachana kurasa zote tatu, akaandika upya:

"Dada, nilikuwa naisema namba, na hata hiyo nimeisingizia, niliiacha hatua moja kabla ya jibu. Neno lile kumbe silijui. Kwako haliwezi kukaa, maana mimi nipo. Nisamehe. Ni mimi, mwanao, yule mjuaji."

Akalamba bahasha, akaibana kwa kiganja, akaenda mwenyewe posta. Alipoitumbukiza, aliinama akachungulia tundu la sanduku, kuhakikisha hakuna kilichobaki.