Nani Aangalie Mbele

...na begani nako linapwaya, si kosa la Raymond, wa kucheza naye leo, kuwa na mabega membamba, shati lilishonwa kwa ajili ya Dominiko, na Dominiko alirithi mabega ya babu yake aliyekuja huku kukata mkonge, Stefania akakunja kitambaa kwa vidole, pini mbili kazibana midomoni, na afadhali, mwenye pini mdomoni haulizwi mgonjwa anaendeleaje, nyuma yake matarumbeta yanajaribiwa, Husna na wenzake waliofika asubuhi kutoka Chanika wanapakana poda, "Shikamoo mama, tunaanza saa ngapi?", akatikisa kichwa tu, marahaba ikakwama huko huko, nyekundu hii imeanza kupauka, alifua yeye, ila kola alipiga pasi Dominiko, kwa ule mkono mmoja uliobaki na nguvu, akisema kwa ulimi wake uliolegea tangu kiharusi, "Mpe Raymond, lisikae bure," naye Stefania akajifanya hakusikia, labda ataacha, akarudia... "Mama Kaleb, linanibana kwapani," Raymond analalamika, tulia, linabana kwapani linapwaya begani, ungetaka likukae vipi, shati la mume wa mtu. Salsa, dansi ya wawili ya kucheza pale pale, haiendi barabarani, hilo ndilo kosa la kundi lao mwaka wa kwanza, miezi yote ile wanajifunza kwenye ukumbi wa parokia, hatua mbele, hatua nyuma, pale pale, hakuna aliyekumbuka kwamba maandamano ya matarumbeta yanatembea, mpaka siku yenyewe wakabaki Kwamndolwa wanacheza kwa raha zao huku matarumbeta yameshafika sokoni, mji mzima ukawacheka, Dominiko akacheka kuliko wote, na kesho yake akaja na dawa, mwanamume arudi kinyumenyume, mwanamke aje mbele akimwongoza kwa mkono wa begani, "Nipeleke unakotaka, mama, mimi sioni kitu," na kweli hakuwahi kugeuza shingo, mwanamume mzima anarudi nyuma kwenye lami yenye mashimo, amemwamini mkewe... Siku hizi anayerudi kinyumenyume ni yeye Stefania, kutoka kitandani hadi kitini, kamshika mikono yote miwili, njoo Baba Kaleb, njoo, mguu unaburuta, anamtazama usoni hatua kwa hatua kwa kuwa hakuna pengine pa kutazama, na amechoka, Mungu amsamehe, amechoka na uso ule. Kiti cha plastiki amemwekea mwenyewe leo, mbele ya duka la Yordani, kivulini, kanga magotini, chupa ya maji upande wa mkono mzima, "Nitakuona," Dominiko akasema, utaniona, akamjibu, akaondoka haraka kama mtu aliyeacha chungu jikoni... "Mama Kaleb, nisikilize basi," Raymond tena, "kurudi nyuma naogopa, nitakuangusha, kwa nini mimi nisiangalie mbele, wewe ukarudi?", wiki nzima anaomba hilo, na wiki nzima anajibiwa kwamba mpango ni wa Baba Kaleb, haubadilishwi, kila mtu akaona ni heshima kwa mgonjwa, hata yeye aliona ni heshima, lakini sasa vidole vyake viko kwenye lile bega, vinashika kitambaa kitupu, na anaiona barabara yote ilivyo, akiangalia mbele atamwona Dominiko mara moja tu, kwa mbali, kisha kiti kitapita ubavuni, na kutoka hapo hadi stendi hakuna Dominiko tena, kuna jua, kuna muziki, kuna watu wanaopiga makofi, na mwanamke anakwenda mbele bila kumburuta mtu... hicho ndicho alichokuwa anakitaka, heshima ilikuwa maneno tu, alitaka kumpita, alitaka siku moja ampite na asigeuke, inauma, inauma na machozi hayaji, na akirudi kinyumenyume ataondoka huku anamwona, na Dominiko anamwona yeye anavyoondoka, kiti kinapungua, kanga inapungua, mpaka kwenye kona... Mtu akaita makundi yapange mstari, tarumbeta moja bado linakwaruza, pini bado haijaingia kitambaani, Stefania akazitoa zote mbili mdomoni. "Mbele," alimwambia Raymond, "utaangalia wewe."