Mgonjwa Anasikia Maumivu

Saa mbili kasoro dakika kumi mkalimani wa chumba namba tatu alifika kazini, akafuta meza kwa kitambaa chenye dawa, akanyoosha pazia la kitanda cha uchunguzi, kisha akakunja boksi tupu la glavu na kulisukuma chini ya mguu mfupi wa kiti chake. Nje, kwenye benchi, watu kumi na wanane walikuwa wameshika vikaratasi vyao vya namba. Daktari aliingia saa mbili kamili, akasema "habari" bila kungoja habari yenyewe, akaketi. Hilo lilikuwa mojawapo ya maneno matano aliyoyajua baada ya miaka tisa katika hospitali ile. Mengine yalikuwa pole, kesho, vua, na vidonge viwili, ambayo yeye aliyahesabu kuwa neno moja.

Mkalimani alikuwa na siku ya tatu tu kwenye kiti hicho. Kabla ya hapo, kwa miaka kumi na miwili, alikuwa akifua na kupiga pasi mashuka ya wodi, na lugha ya daktari aliiokota huko huko, neno hapa neno pale, kwenye redio ya chumba cha pasi. Mkalimani wa zamani alipostaafu, matroni akakumbuka kwamba yule mama wa mashuka humjibu daktari kila anapokuja kudai koti lake. Akaitwa, akanawa mikono, akaanza kazi.

Mgonjwa wa kwanza siku hiyo alikuwa fundi viatu. Aliamkia, akaketi upande upande.

"Nasikia maumivu mgongoni," alisema. "Yaani nikiinama tu, basi."

Katika lugha ya daktari, kusikia ni kazi ya masikio peke yake. Kusikia baridi, kusikia njaa, kusikia kizunguzungu, vyote hivyo vina neno lake lingine, na mtu mwenye akili zake hayachanganyi. Mkalimani hakulijua hilo neno lingine. Alitafsiri alivyoambiwa, kwamba mgonjwa anasikia maumivu mgongoni kwa masikio yake, na chumba kizima kikayasikia.

Ilikuwa sauti ya kabati zito linaloburutwa sakafuni juu ya vichwa vyao, ingawa jengo lile halikuwa na ghorofa. Lilikwenda hatua mbili, likakwama, likaburutwa tena. Daktari aliangalia dari, akaangalia mgongo wa fundi viatu, akainuka na kuweka sikio lake pale sauti ilipokuwa inakwama. Kisha akaandika karatasi ya kupiga picha ya uti wa mgongo, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu mwaka uanze.

"Ndilo hilo hilo," fundi viatu alisema huku akifunga vifungo vya shati. "Mke wangu nilikuwa namwambia, hanielewi."

Kazi ikaendelea hivyo. Kichwa cha muuza magazeti kilitoa kishindo cha milango ya maduka inayofungwa mmoja baada ya mwingine, mtaa mzima, mpaka wa mwisho. Sikio la msichana wa saluni lilikuwa na nyuki mmoja ndani ya chupa. Mzee mmoja aliyefiwa na mke alisema tu kwamba anasikia uchungu, hajui wapi, na mkalimani alipotafsiri wakasikia mtu akiosha sahani moja, akiiweka, akiosha kikombe kimoja, akikiweka. Daktari aliweka kalamu chini. Hakuwa na dawa ya sahani moja, lakini alimkalisha mzee yule kwa dakika ishirini na kumuuliza mke wake alikuwa akipenda nini, na mkalimani alitafsiri yote huku machozi yakimtoka bila kujificha.

Benchi likawa halitoshi. Watu walitoka chumba namba moja na namba mbili kuja kupanga foleni ya namba tatu, na kopo la vidonge likakaa siku nne bila kufunguliwa. Mkalimani alikuwa akirudi nyumbani miguu imevimba, lakini moyo wake ulikuwa mweupe. Hakujua kwamba alikuwa anakosea. Alidhani ndivyo ukalimani ulivyo.

Nyumbani alikuwa anaishi na mama yake, mshonaji, ambaye kwa miaka kumi na mmoja alikuwa na maumivu chini ya mbavu za kushoto. Mama alikanyaga cherehani kwa mguu mmoja huku mkono akiubana ubavuni, na akizungumza aliacha sentensi katikati, akangoja, akaimalizia. Bintiye aliyajua maumivu yale kwa vituo hivyo tu. Kila jioni alimbembeleza aje hospitali.

"Nimeshameza vidonge sita vya yule bwana wenu," mama alisema. "Mara tatu nimekwenda, mara tatu viwili viwili. Vinanitosha."

"Siku hizi anasikia, mama."

"Heri yake. Acha nimalize hizi sare za shule kwanza."

Mwezi wa pili barua ilitoka ofisini. Ilisema kwamba kelele zinazotokana na tafsiri zimezidi, kwamba maumivu yasivuke kiwango cha mazungumzo ya kawaida, na kwamba mkalimani yeyote asiye na cheti cha lugha atarudishwa kwenye kazi yake ya awali. Mkalimani aliisoma mara mbili. Hofu yake haikuwa mashuka, maana mashuka alishayazoea. Hofu yake ilikuwa kwamba mama angekuja siku moja na kumkuta mtu mwingine kwenye kiti kile. Akajiandikisha darasani siku hiyo hiyo.

Darasa lilikuwa Jumanne na Alhamisi, saa kumi alasiri, katika stoo ya magongo. Mwalimu alikuwa mzee mpole mwenye suruali iliyopigwa pasi mpaka ikakata, na wanafunzi walimwita Kalamu Nyekundu. Makosa aliyaogopa kama manesi wanavyoogopa vidonda vichafu.

"Kosa usiliruhusu lilale," aliwaambia. "Likilala mara tatu, limehamia."

"Lakini mwalimu," mkalimani alisema, "mimi nikikosea daktari ananielewa zaidi."

Kalamu Nyekundu alivua miwani na kulifikiria jambo hilo kwa haki. Alisema amesikia walimu wengine wakidai kwamba anayekosea ndiye anayejifunza, na kwamba mtu aachwe ajikwae mpaka azoee. Huenda ni kweli, alisema. Lakini yeye katika miaka arobaini hakuwahi kuona karatasi ya mtihani yenye nafasi ya kujikwaa. Kisha akaandika ubaoni lile neno lingine, la kusikia kwa mwili, na kulipigia mstari.

Na ukweli usemwe, mkalimani alilipenda. Lilikuwa neno laini, linaanzia mbele ya mdomo na kuishia kifuani, na alipolitamka sawasawa kwa mara ya kwanza Kalamu Nyekundu alifumba macho kwa furaha. Alirudi nyumbani akilisema njiani, akilisema kwenye sufuria, akilisema juu ya daftari lake huku mama akikata nyuzi.

"Kwa hiyo wewe ndiye unayefanya mtihani," mama alisema.

"Ndiyo, mama."

"Na yeye aliyekuja kwetu, wa kwake anafanya lini?"

"Mama, yeye ni daktari."

Mama aliacha kukata nyuzi, akangoja maumivu yapite, akaendelea.

Ijumaa moja dereva wa lori aliingia chumba namba tatu akisema anasikia maumivu ya goti. Mkalimani alitafsiri kwa lile neno jipya, bila doa. Daktari aliinamisha kichwa, akangoja. Palikuwa na feni tu. Aliendelea kungoja kwa muda ambao mtu angeweza kunywa glasi ya maji, kisha akavuta kopo, akalifungua, akasema, "Vidonge viwili." Dereva alishukuru na kuondoka akichechemea. Aliyemfuata naye alitafsiriwa vizuri, naye akapewa viwili.

Mkalimani aliliona jambo hilo na likamuuma, lakini mtihani ulikuwa Jumatano. Alijiambia kwamba atafaulu kwanza, halafu atarudi kukosea. Alifaulu. Alipata alama tisini na sita, na ofisi ikampa cheti chenye muhuri wa bluu, kikatundikwa ukutani juu ya mzani.

Wiki iliyofuata mama alikuja mwenyewe. Mguu ulikuwa hauwezi tena kukanyaga cherehani. Alivaa gauni lake la kutokea, akashika namba kumi na moja, akangoja zamu kama watu wote, na alipoingia alimsalimu bintiye kwa macho tu, maana pale ni kazini.

"Nasikia maumivu hapa," alisema akiweka kiganja ubavuni. "Mwambie, mwanangu."

Mkalimani aliliacha neno la cheti na kulichukua lile la zamani. Mgonjwa anasikia, alisema, kwa masikio. Wakangoja. Alisema tena kwa sauti. Akasema mara ya tatu, lakini chumba kilikuwa kimya kama kilivyokuwa kwa dereva wa lori. Alikuwa analijua kosa. Halikuwa tena kosa, lilikuwa uongo mdogo uliovaa nguo za kosa, na maumivu hayakudanganyika.

Daktari alimsahihisha kwa upole, akamtajia neno lenyewe, akamwonyesha cheti ukutani, akanyoosha mkono kwenye kopo.

Mkalimani aliinuka kitini. Alipiga magoti mbele ya mama yake, jambo lisilokuwa katika kanuni za kazi.

"Mama, mwambie mwenyewe."

"Kwa lugha ipi? Yao siijui."

"Ndiyo maana. Sema ninavyosema mimi."

Alimpa maneno manne, la kosa likiwemo. Mama aliyapokea moja moja, akayapanga mdomoni pale alipozoea kushika pini, kisha akamgeukia daktari na kumtazama usoni. Aliyasema vibaya, kila moja likiwa limepinda kwa namna yake, na aliyasema kwa moyo wote.

Ikaanza chini sana. Maji kwenye glasi ya daktari yaliitangulia, yakafanya duara. Halafu ikaja sauti ya msumeno mkubwa wa kupasulia magogo, ule unaoshikwa na watu wawili, ukienda na kurudi, taratibu, bila haraka yoyote, kama kazi ya watu wenye siku nyingi mbele yao. Ulitoka ubavuni mwa mama, ukapita mlangoni, ukaingia ukumbini, na watu wote wa benchi wakasimama bila mtu kuwaambia wasimame. Ulifika wodini. Wagonjwa waliokuwa wakilia walinyamaza, na waliolala wakaketi. Sista wa zamu alibaki na trei mkononi katikati ya korido, akahesabu baadaye kwamba alisimama pale dakika saba. Unga mwembamba wa mbao ulishuka juu ya meza, juu ya mafaili, juu ya mabega ya koti la daktari. Kioo cha dirisha kilipasuka toka juu mpaka chini, kikabaki mahali pake.

Mkalimani alisikiliza miaka kumi na mmoja. Alikuwa amelala chumba kimoja na msumeno ule, ukuta mmoja, mto kwa mto, na hakuwahi kuusikia hata mara moja. Aliona aibu, na ndani ya aibu hiyo aliona ukubwa wa mwanamke aliyeshona sare za mitaa mitatu huku jambo kama hilo likiendelea ndani yake. Akamshika miguu.

Daktari alikuwa ameshaweka sikio ubavuni. Alifuata msumeno kwa kidole, ubavu hadi ubavu, akasimama chini ya wa nne. Alisema kitu.

"Anasema gogo limebaki kidogo kukatika," mkalimani alitafsiri.

"Najua," mama alisema.

Walimpasua saa nane mchana siku hiyo hiyo. Siku ya tano alikaa kitandani akinywa uji na kulalamikia mishono ya daktari, kwamba imepishana. Alizungumza sentensi ndefu ndefu bila kituo.

"Kimya kilichomo humu, mwanangu," alisema akijigusa, "hata sijui nikiweke wapi."

Mkalimani alianza kupita kwenye benchi asubuhi kabla ya daktari kufika, akiwafundisha watu maneno manne. Aliwafundisha watatu. Siku ya pili ofisi ilibandika tangazo mlangoni, kando ya dirisha lenye kioo kilichopasuka. Mgonjwa haruhusiwi kusema lugha ya daktari. Mgonjwa aseme kupitia mkalimani mwenye cheti. Sista wa zamu alipewa kiti ndani ya chumba ili kuhakikisha, naye alihakikisha kwa macho mekundu, maana alikuwa na jino linalomuuma.

Mkalimani angeweza kuondoka. Hakuondoka. Alijiambia kwamba mtu mwingine kwenye kiti kile angekuwa mbaya zaidi, na huenda ilikuwa kweli.

Namba ishirini na mbili alikuwa mwanamke anayeuza mkaa, bado kijana, aliyeingia akishikilia ukuta. Alieleza kwa kirefu. Anasikia moto, alisema, unaanzia kwenye nyonga unashuka mpaka kisigino, na usiku anasikia kama mtu anauchochea. Mkalimani alimsikiliza mpaka mwisho, akatafsiri kila kitu, hakupunguza hata neno. Kalamu Nyekundu angefumba macho. Daktari aliinamisha kichwa kidogo, akangoja, akavuta kopo.

Muuza mkaa aliviangalia vidonge viwili kiganjani.

"Umemwambia?" aliuliza.

"Nimemwambia."

"Yote?"

"Yote."

"Mbona hajasikia?"

Mkalimani alimjibu kwamba sentensi ilikuwa sahihi, akamshika mkono kumsaidia kuinuka, akaita namba ishirini na tatu.