Kurudi Nyumbani kwa Fiat

Kwenye hija ya miguu ya Częstochowa kila mtu ni kaka au dada, hata padri, hata yule mama aliyetufukuza ghalani kwake kwa reki. Kwa hiyo ninaposema kwamba kaka Ziemek aliendesha gari miguu mitupu, malengelenge yakimpasukia juu ya breki, nasema kwa heshima zote za kidini.

"Kila nikikanyaga hii breki namwona Mtakatifu Petro," alilalamika.

"Basi usiikanyage."

"Nisipoikanyaga, Kosma, mtamwona wote."

Jagna, aliyekaa nyuma, hakucheka. Macho yake hayakubanduka kwenye saa ya gari.

Mpango wetu ulikuwa wa raha. Tukishamaliza kutembea na kulala kifudifudi mbele ya Jasna Góra, nyumba ya Mama Bikira Maria, kama wanavyofanya wote wanaofika, tungechukua Fiat ya baba yake Ziemek, iliyotusubiri kwa shangazi yake, tukazurure milimani wiki nzima. Asubuhi ile simu ikalia. Bibi yake Jagna, Bibi Leokadia aliyemlea tangu mchanga, alikuwa hospitalini, na mshipa mkubwa tumboni mwake umevimba kama puto. Daktari alitaka kumpasua saa kumi jioni ile ile. Bibi alikataa. Jagna alikuwa ametembea kwa ajili yake, akasema, na haingii popote mpaka amwone amesimama mbele yake, amemaliza. Wakamwambia azungumze naye kwa simu. "Kwenye simu kila mtu yuko Częstochowa," Bibi akajibu. Saa kumi ikipita, chumba cha upasuaji kingepewa mgonjwa mwingine, na puto halijui foleni.

Kwa hiyo hatukuwa tukizurura. Tulikuwa tukikimbizana na saa, katika gari linalotetemeka likifika themanini.

Karibu na Olkusz tukakuta kundi la mahujaji barabarani. Msalaba mbele, gitaa, kipaza sauti kinachokwaruza, vizee wenye kofia za majani. Ziemek akapunguza mwendo, akasonya kwa maumivu.

"Hawa nao wamepotea?" nikauliza. "Częstochowa iko nyuma."

"Hawajapotea," Jagna akasema. "Wanarudi nyumbani. Kuna parokia zinazorudi kwa miguu."

Nilipogeuka, uso wake ulikuwa mweupe kama jibini.

"Nilisema kwenda na kurudi," akasema. "Pale kitandani kwake. Nilimshika mkono nikasema nitakwenda na kurudi kwa miguu, kama yeye alivyofanya ujanani. Yesu wangu. Nimepanda gari."

"Dada, sisi sote hurudi kwa basi!" Ziemek akapiga kelele. "Tangu tuzaliwe!"

"Ninyi hamkuapa."

Akaanza kumpigia Padri Hieronim, kiongozi wa kundi letu, amfungue nadhiri. Padri anaweza. Lakini Padri alikuwa ametembea akiwa na miaka sitini na saba na simu yake ilikuwa imezimwa. Bila shaka alilala kama gogo. Jagna alipiga mpaka Kraków. Alipiga kwenye msongamano wa Kraków, ambao ulitula dakika tusizokuwa nazo. Tuliposimama Myślenice kutia petroli, alishuka, akakaa ukingoni mwa barabara, akaanza kuvaa viatu vyake vya kutembelea.

"Jagna, kutoka hapa ni siku mbili," Ziemek akamsihi.

"Najua."

"Bibi ana saa moja na nusu!"

"Najua, Ziemek! Nikifika nimevunja, atasema nini? Na akifia mezani kwa sababu nimevunja?"

Sasa, katika shule yangu ya bweni, ambayo inaendeshwa na mapadri wenye subira, mimi ninajulikana kwa kipaji kimoja. Nikazunguka nyuma ya vyoo vya kituo, nikaficha namba yangu, nikapiga.

"Dada Jagna," nikasema, kwa ile sauti ya changarawe ya Padri Hieronim, nikakohoa. "Nimeona umenitafuta."

Akanieleza yote mbio mbio. Nikamjibu kwamba Mungu hahesabu magurudumu, kwamba ninamfungua nadhiri yake, apande gari kwa amani. Nilikuwa hodari. Sijawahi kuwa hodari vile.

Upande wa pili nikasikia analia.

"Kwa hiyo Bibi akifa leo, Padri, haitakuwa kwa sababu yangu? Niambie tena. Nitalishika neno lako maisha yangu yote."

Nilifungua mdomo. Sauti ya Padri haikutoka. Ikatoka yangu.

"Ni Kosma," nikasema.

Simu ikakatika. Nilipotokea mbele nilishika shavu, nikijiandaa. Hakunipiga. Alinitazama tu, kamba za viatu zikining'inia mikononi mwake, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Ingia ndani," akasema. "Utamdanganya nani tena leo? Bibi nitamwambia ukweli mimi mwenyewe."

Ziemek aliendesha hadi hospitali akilia kimya kimya, sijui kwa miguu au kwa nini. Tulipanda ngazi wote watatu tukichechemea. Ilibaki robo saa. Bibi Leokadia alikuwa kitandani kwenye ukumbi, kashika chuma cha kitanda kwa mikono miwili, na nesi kando yake kakata tamaa.

Alimtazama Jagna kuanzia nywele hadi viatu.

"Umefika mpaka kwa Mama?"

"Nimefika, Bibi."

"Na kurudi?"

"Kwa Fiat."

Nesi akatazama saa. Bibi hakutazama saa.

"Kwa Fiat," akarudia. "Baada ya kuniapia."

"Ndiyo, Bibi. Niliogopa kuchelewa. Nisamehe."

"Sikusamehe hata kidogo. Utairudia njia yote, kutoka kule mpaka mlangoni kwangu, kwa miguu." Akanigeukia mimi. "Na nani atahakikisha? Huyu mwenye uso wa mwizi wa plamu?"

"Si mimi, Bibi," nikasema.

"Naona." Akakiachia chuma, kidole kimoja kimoja. "Kila kitu lazima nikisimamie mwenyewe. Nesi, sukuma. Unangoja nini?"

Kitanda kikaondoka. Jagna akakifuata akichechemea, mkono juu ya shuka, mpaka kwenye mlango wa upasuaji, ambao haukumruhusu kupita.