Mkono wa Asheri Kwenye Mchungwa

Baada ya kuanua matanga, watu walirudi makwao wakisema mjane wa Asheri hakulia. Waseme. Aliyeniletea maneno hayo ni wifi yangu Kristina, dada wa marehemu, ambaye alibaki kwangu ili nisikae peke yangu. Alipomaliza kuyasema akaniangalia usoni kama anayengoja sufuria ichemke. Nikamwambia chai iko kwenye chupa.

Si kwamba nilikuwa jeuri. Sikusikia kitu, basi. Tulimzika Maramba, kwao, nikatupa udongo wangu, nikaimba nyimbo zote za kanisani bila kukosea beti, nikapanda gari kurudi Tanga, na ndani yangu kimya. Chakula nilikula kwa sababu kiliwekwa mbele yangu. Mchungaji aliniombea machozi, jamani, kama watu wanavyoomba mvua, nami nikaitikia amina pamoja na wengine. Hayakuja.

Kilichonitoa kitandani ni fimbo ya Turki.

Mimi na Asheri tulikuwa tunatengeneza fimbo za pulu, zile za kuchezea mipira mezani kwenye mabaa, hapahapa uani kwetu Makorora. Asheri alikuwa wa mbao na mashine. Mimi ni wa kumalizia: msasa, vanishi, nta, mng'aro. Wapo wanaodhani hiyo ni kazi ya kupaka rangi tu, na mimi siku hizi sijibishani nao. Fimbo nzuri iliyomaliziwa ovyo hurudishwa na matusi juu yake.

Turki ni mtu wa Pangani, wa ukoo mmoja wa Waomani wenye minazi tangu enzi za babu zao, naye amefungua ukumbi wa pulu karibu na kivuko. Alikuwa rafiki wa mume wangu. Alimwomba amtengenezee fimbo yake mwenyewe, isiyoguswa na wateja, Asheri akamwahidi kwa mdomo. Sasa Turki alituma salamu kwamba Jumamosi atakuja kutoa pole. Habari ya fimbo hakuitaja hata kidogo, na kwa sababu hakuitaja ndipo nilipojua kwamba lazima aikute tayari. Ilikuwa ahadi ya mwisho ya Asheri. Nisingekubali ining'inie ukutani bila kumalizwa.

Asheri alikuwa na desturi yake, ambayo mafundi wengine waliicheka. Kila fimbo, kabla sijagusa kipande chake cha juu, aliipeleka kipande hicho kikiwa mbao tupu baa kwa Consolata asubuhi, wateja hawajaamka, akaichezea mpaka meza iishe mipira. Alisema fimbo ikishapakwa huwezi tena kuichonga, kwa hiyo kama ina ugonjwa useme mapema. Akishacheza aliifungua vipande viwili kwenye skrubu yake ya katikati, akavifunga kwenye kitambaa, akarudi navyo kwapani. Kazi yangu ya kwanza ikawa kuondoa uchafu wa mkono wake kwa msasa. Miaka yote nimemlalamikia kwa hilo.

Siku ile ya mwisho nilikuwa jikoni nakuna nazi. Nilisikia tu amerudi kwa Consolata, skrubu ya fimbo ya Turki ikizunguka, nikasikia akivitundika vipande kwa uzi kwenye msumari, maana kwake fimbo haikuegemezwa ukutani, inapinda, wala haikusimamishwa chini hata kwa mzaha. Mtu aliyesimamisha fimbo chini mbele ya Asheri alipewa somo refu. Akasema kichwa kinamuuma sana, akalala. Hospitali wakasema presha. Hakurudi nyumbani.

Kwa hiyo kile kipande cha juu kilikuwa bado na uchafu wa mkono wake. Asheri alikichonga kwa mchungwa, mti wa zamani uliokatwa kwenye shamba moja la Muheza, na mchungwa ni mweupe, hauna pa kuficha jambo. Alama ilikuwa nzito kuliko siku zote. Vidole vinne upande mmoja, gumba upande wa pili, jasho limeingia ndani kabisa. Sikuelewa jasho lote lile la nini. Kutoka kwa Consolata mpaka kwetu si mbali. Kitako cha fimbo, kile cha mpingo ambacho nilikwisha kukimalizia zamani, nacho kilikuwa na mchanga, na mpira unaokinga mwisho wake wa chini umechubuka. Nikailaani sakafu ya Consolata, nikaupangusa.

Kristina aliiona ile alama nilipokuwa natafuta msasa.

"Wifi, usiifute hiyo," akasema.

"Ni uchafu."

"Ni mkono wa kaka yangu."

"Mkono wa kaka yako tumeuzika Maramba."

Akanitazama, akaingia ndani, akafunga mlango polepole. Maneno hayo niliyoyasema, angeyasema mtu mwingine ningemzaba kibao. Nilikaa pale nikingoja nijisikie vibaya, nikangoja sana. Kisha nikachukua msasa.

Lakini kwanza ilibidi niamue nitaimalizia kwa kitu gani, maana msasa unafuata dawa ya kupaka. Turki aliwahi kusema anataka iwake kama gari jipya. Hiyo maana yake ni kliya, ile vanishi ya kupulizia magari, unayochanganya na hadina ya kuikausha. Tuliwahi kuitumia. Ni nzuri kwa macho, sikatai, lakini haitaki vumbi hata chembe, kwa hiyo tulikuwa tunafunga mlango na madirisha ya chumba cha nyuma na kupuliza humohumo, vitambaa puani, tukijiona wajanja. Kifua changu kikaanza kubana. Uweso, aliyetuazima pampu, amepuliza magari maisha yake yote, na sasa akipanda ngazi tatu anakaa. Asheri aliponiona nabanwa, alimrudishia pampu yake kesho yake bila hata kuniuliza. Isitoshe, kliya na joto la pwani havipatani. Mkono ukitoa jasho, fimbo inanata kati ya vidole, na mchezaji anaanza kujipaka poda kama mtoto mchanga.

Mafuta ya nazi hayo ndiyo usiseme. Fimbo yetu ya kwanza kabisa Asheri aliipaka mafuta ya nazi, kwa sababu huku pwani nazi tunadhani ni dawa ya kila kitu, kuanzia nywele mpaka bawaba za mlango. Hayakauki. Yalichacha, fimbo ikanuka, sisimizi wakapanga foleni kutoka dirishani. Tulicheka mpaka tukakaa chini. Nilikumbuka kicheko kile pale uani, nikijua kwamba kilikuwa kizuri, kama vile mtu anavyojua jina la mji asiowahi kufika.

Nikachagua shelaki. Ni gamu ya vipande vya rangi ya asali; unaviloweka kwenye spiriti mpaka viyeyuke, unapaka kwa kifundo cha pamba, tabaka jembamba juu ya jembamba, mahali penye hewa. Spiriti ikishapaa, kinachobaki hakimdhuru mtu. Juu yake nta ya nyuki, unasugua kwa kitambaa mpaka mkono upate joto. Haiwaki kama gari. Ila inateleza, na ikichakaa unaipaka tena bila kuikwangua yote. Turki angenuna, na angezoea.

Nilisugua kwa msasa mpole, kufuata nyuzi za mbao. Gumba likaondoka kwanza, kisha kidole kimoja kimoja. Mbao ikabaki nyeupe, laini. Nikapuliza vumbi na lenyewe likaenda. Hivyo tu. Nikasema moyoni, umeona, ni uchafu.

Kabla ya tabaka la kwanza huwa napangusa mbao kwa spiriti tupu. Mbao ikilowa inakuonyesha itakavyokuwa ikishapakwa. Kila mkwaruzo unajitokeza. Nikapangusa. Vidole vinne vikarudi. Na gumba. Vyeusi kidogo kuliko mwanzo, mahali palepale, kama mtu ameshika sasa hivi. Mafuta ya ngozi yake yalikuwa yamezama chini kuliko msasa wangu. Nikakaa na kitambaa mkononi. Spiriti ikapaa, mbao ikakauka, mkono ukapotea. Nikapangusa tena, ukarudi. Nilifanya hivyo mara nyingi, sijui kwa nini. Sikuwa na huzuni. Nilikuwa natazama tu.

Sasa jamani, hapo ndipo palipokuwa na kazi. Nikipaka, dawa yoyote ile, alama itatoka na haitapotea tena, na Turki atapokea fimbo yenye doa. Nikitaka doa liishe lazima nisugue zaidi, niingie ndani, na pale nitakapoingia fimbo itakuwa nyembamba. Ule wembamba Asheri aliutafuta kwa kiganja, akikwangua kidogo, akifumba macho, akikwangua tena. Nikiufuta mkono wake ninaiharibu kazi ya mkono huohuo. Nilitamani awepo ili nimgombeze. Hicho ndicho kitu cha kwanza nilichotamani tangu afe, nami nikashangaa kidogo.

Nikaweka msasa chini. Kasoro ya doa mteja ataiona, lakini kasoro ya umbo ataicheza maisha yake yote. Nikalowesha kifundo changu, nikaanza kupaka.

Kristina alitoka siku ya pili yake kuanika nguo, akaikuta imening'inia, mkono umetoka wazi chini ya rangi ya asali. Aliniletea uji na kunisimamia mpaka nikaumaliza. Nilimwambia asinielewe vibaya, nimeuacha kwa sababu ya ufundi tu. Akasema, sawa wifi, ufundi.

Jumamosi Turki akaja, kanzu nyeupe na mfuko wa madafu. Akatoa pole kwa utaratibu wao, maneno marefu ya dua, akaulizia watu wa Maramba mmoja mmoja. Kisha akawa anazungusha kikombe. Nikaona anaikwepa ile habari ya fimbo, nikainuka, nikamletea vipande vyote viwili kwenye kitambaa.

Nikamweleza mapema, kabla hajaiona mwenyewe, kwamba haiwaki kama alivyotaka na sababu ni kifua changu na jasho lake, na kwamba kipande cha juu kina doa ambalo halitatoka. Nikamwambia akitaka kuikataa aikatae, sitakasirika. Hilo nililisema kwa sauti ya dukani, kavu. Turki alipitisha vidole juu ya nta, akafunga skrubu, kipande kikaingia kwenye kitako chake. Nilikuwa sijaiona ikiwa nzima tangu siku ile. Muda wote huo nilishika kipande cha juu peke yake.

Akailaza mezani, akaibingirisha, akafumba jicho moja na kutazama urefu wake. Akasema imenyooka kuliko yeye. Kisha akageuka kunishukuru, na kama afanyavyo mtu mzima mwenye mazungumzo, akaisimamisha chini, kitako kwenye saruji, akaishika na kuiegemea.

"Shemeji," nikaanza, "fimbo haisima..."

Somo la Asheri hilo, lilinitoka lenyewe. Lakini halikuisha. Nilikuwa nautazama mkono wa Turki. Haukuwa umetafuta mahali. Ulikwenda tu pale ambapo mkono wa mtu anayeegemea fimbo huenda. Ulikuwa juu ya doa. Vidole vinne huku, gumba kule.

Mchezaji hashiki pale. Hakuna mchezo unaoshikwa pale.

"Kulikoni?" Turki akauliza.

Nikauona ule mpira wa chini uliochubuka. Nikaiona njia yote kutoka kwa Consolata, jua, skrubu iliyofunguliwa nyumbani badala ya baa, kile kitambaa ambacho siku ile hakikufungwa, na Asheri, mtu aliyetugombeza sote kwa hilo, akiisimamisha fimbo mpya kwenye mchanga hatua kwa hatua ili asianguke. Alipofika akaifungua na kuitundika kwa uzi, asije akaipinda. Ndipo akasema kichwa kinamuuma.

"Alikuja nayo akiiegemea," nikasema. "Alitembea peke yake, anaumwa, akiiegemea."

Turki akatazama chini penye mkono wake. Akauinua polepole, kidole kimoja kimoja, akaona kilichokuwa chini yake. Ni mtu mwepesi wa kuelewa. Akanisogezea ile fimbo bila kuiinua kutoka sakafuni.

"Hii si yangu, shemeji," akasema.

Nilitaka kumwambia kwamba ahadi ni ahadi, kwamba nimeisugua kwa ajili yake. Badala yake nikaweka kiganja changu pale. Ni kidogo, vidole vyangu havikufika kwenye vyake, kila kimoja kikaacha kipande cha Asheri kikitokeza. Nikaiegemea fimbo kwa uzito wangu wote, nikalia, kwa sauti, mbele ya mgeni, mpaka Kristina akatoka jikoni na unga mikononi, akaja kunishikilia.