Tumuenzi Brashi

Mama mwenye bucha alivua viatu mlangoni, ingawa sakafu ya chumba kile ilikuwa saruji iliyopasukapasuka na hakuna aliyewahi kuivulia kitu. Akapita kando ya kiti cha magurudumu bila kugeuza shingo. Akakunja upande wa gauni lake usiguse gurudumu, akamfikia Fundi pale kwenye cherehani na kumshika mikono yote miwili.

"Pole, fundi wangu. Yule alikuwa mtu."

"Mtu gani, mama?"

"Usijikaze, mwanangu. Lia." Akamtia bahasha kiganjani, akamfunga vidole juu yake kimoja kimoja. "Ubao wa bucha langu aliniandikia yeye. Yule ng'ombe aliyemchora, wateja walikuwa wakimwonea huruma, nusura anifilisi." Akacheka kidogo, akafuta machozi, akatoka kama alivyoingia, gauni kalikunja vilevile.

Umbali wa hatua tatu, kitini, Brashi, kaka yake Fundi, alikuwa akitazama yote hayo. Kope la kulia lilikuwa limelegea. Jicho la kushoto lilimfuata yule mama hadi mlangoni, likabaki pale.

Fundi alicheka. Alidhani mama wa watu kachanganyikiwa. Lakini kabla ya jua kuzama walikuja wengine wanne, na wote walipita upande ule ule wa chumba, upande usio na kiti.

Kiharusi kilimkuta kaka yake mchana kweupe, juu ya ngazi, akiandika ubao wa duka la dawa. Alifika DUKA LA DA, akashuka polepole kama mtu aliyeitwa kwa adabu, akakaa chini. Mkono wa kulia, uliouandika mji ule herufi kwa herufi kwa miaka thelathini na mbili, ukalala pajani kama mzigo wa mtu mwingine. Maneno nayo yakamkauka. Mwenye duka akatafuta mtu wa kumalizia herufi mbili zilizobaki. Zile nane za mwanzo hajazilipa hadi leo. Fundi anakumbuka. Kukumbuka ndiyo kazi yake ya pili baada ya kushona, na hii haina likizo.

"Miezi mitatu ya kwanza, mama," Fundi aliambiwa na binti wa mazoezi ya viungo, aliyekuwa akija mara mbili kwa wiki kumnyoosha Brashi. "Ubongo bado uko laini. Ukikauka hivi, umekauka." Kulikuwa na kitanda kimoja katika kituo chao, na kingeshikiliwa hadi Ijumaa ya wiki ya nane kwa atakayetanguliza nusu ya gharama. Tumaini lilikuwapo: katika wiki ya nne kidole gumba cha mkono ule mfu kilimbana binti yule, kikamwachia, kikambana tena.

Fundi akaanzisha mchango. Akafungua kundi la simu, wakaingia watu mia mbili na kumi na moja. Wakatuma vikono vya kuombea, wakatuma maua, wakauliza hali, wakatoka mmoja mmoja kimya kimya kama watu wanaotoka kwenye mkutano wenye hotuba ndefu. Kilichopatikana kilitosha mafuta ya kukandia.

Hapo ndipo alipofanya kosa lake, na lilikuwa kosa la mtu anayependa maneno. Shule aliiacha darasa la sita; yaliyobaki alijisomea mwenyewe kwa kamusi kuukuu isiyo na jalada wala kurasa za herufi A. Enzi za mgomo wa kiwanda cha nyuzi alisimama juu ya kreti la soda akayarusha maneno kama mawe. Sasa alitaka neno la kuweka juu ya tangazo. "Tumsaidie" lilinyoosha mkono. "Tumchangie" lilipiga magoti. Alipekua hadi akakutana na neno lililosimama wima: kuenzi, yaani kuthamini, kuheshimu, kutukuza. TUMUENZI BRASHI. Akaipeleka karatasi kwa mchapishaji, yule yule achapishaye kadi za harusi na ratiba za mazishi.

"Picha ya rangi, au nyeusi na nyeupe?" aliuliza mchapishaji.

"Ipi rahisi?"

"Nyeusi na nyeupe, nusu bei. Na fremu nakuwekea bure, kupendezesha."

Fundi akaikagua namba ya simu mara tatu. Neno hakulikagua; aliliamini. Hakufikiri kwamba mji mzima ulikuwa umelisikia neno lile mahali pamoja tu, kando ya shimo jipya, mdomoni mwa mtu mwenye karatasi. Katika mji ule hakuna aliyewahi kuenziwa huku anapumua.

Matangazo yakabandikwa, na kwa siku nne pesa zilimiminika. Waliokuwa wamelitoka kundi walirudi wenyewe na kuandika aya kwa aya. Mwenye duka la dawa alituma ujumbe mrefu kuhusu pengo lisilozibika.

Mwenyekiti wa kamati ya mchango alikuja siku ya tano, simu mbili mkononi. Wakati wa mgomo alilala miezi mitatu kwenye sakafu ya chumba kile kile, akijifunika mabango ambayo Brashi aliyaandika bure. Leo anauza saruji.

"Nakwenda kuyabandua yote," alisema Fundi. "Leo hii."

"Kaa kwanza, dada. Umedanganya wapi? Fungua kamusi yako. Neno ni lako na ni sahihi."

"Watu wanadhani amekufa."

"Basi afe wiki mbili." Mwenyekiti alicheka peke yake. "Akifufuka atakikuta kitanda. Wangapi mji huu wamefufuka wakakuta hata mkeka? Akiwa mzima walimpa nini? Wewe unajua, wewe ndiye mwenye daftari kichwani."

Alisema hayo akiwa ameketi kwenye kitanda cha Brashi, amempa mgongo mwenye kitanda, wala hakuishusha sauti. Fundi akafungua mdomo. Kitanda cha kituoni kikampita akilini, na Ijumaa, na kidole gumba. Akaufunga.

Tangu siku ile nyumba ikaanza kubadilika, na si kwa kelele. Muuza maziwa, aliyezoea kuacha pakiti mbili, akaacha moja. "Sasa si uko peke yako, dada," alisema kwa upole. Kinyozi, aliyekuwa akija kila Jumanne kumnyoa Brashi, hakuja. Alionekana mlangoni Jumatano, wembe mfukoni, akamkazia macho Brashi usoni kwa muda mrefu. "Ndevu zake zilikuwa ngumu," alisema. "Ziliniulia nyembe." Akaenda zake. Mwandika mabango wa mtaa wa pili akaja kuulizia vifaa. Alipekua chini ya meza, akanyoosha mkono juu ya magoti ya Brashi, akaichukua brashi moja kutoka mapajani mwake kama mtu achukuaye kitu juu ya kabati. "Alikuwa akizitunza," alisifu.

"Mrudishie," alisema Fundi.

"Nani?"

Fundi akanyoosha kidole. Mwandika mabango akakifuata kile kidole kwa macho, akatazama kiti, akatazama ukuta wa nyuma ya kiti, akarudi kumtazama Fundi kwa jicho la huruma. Ile brashi akaiacha mezani. Akaondoka kinyumenyume.

Binti wa mazoezi naye alikuja akakaa muda mrefu kuliko kawaida, ameukamata mkono mfu kwa mikono yake miwili. "Wiki iliyopita alinibana," alinong'ona. "Leo hakuna kitu. Na huu mkono mzima, mama, ushike. Mbona nao umeanza kupoa?"

Siku iliyofuata Fundi alipika mchana, akala, akaosha sahani, akarudi kushona. Jua lilipozunguka likaingia dirishani, na kivuli kikatambaa juu ya kitambaa cheupe alichokuwa akikipitisha chini ya sindano: magurudumu mawili, egemeo, mikono ya kiti, vyote wazi kama vimechorwa. Kiti kitupu. Aliinua uso kwa mshtuko. Brashi alikuwamo kitini, midomo imekauka, anamtazama. Hapo ndipo Fundi alipokumbuka kwamba sahani aliyoiosha ilikuwa moja.

Alimlisha huku akijitukana. Wao walidanganywa na karatasi. Yeye je?

Hafla ya kumuenzi Brashi ilipangwa Alhamisi alasiri, katika ukumbi wa chama cha wafanyakazi. Fundi alimvalisha shati jeupe, akamsukuma mwenyewe hadi ndani, akamweka mwisho wa safu ya tatu, pembeni mwa njia. Ukumbi ulifurika. Watu walipita wakiinua miguu kuvikwepa vibao vya miguu vya kiti, kama tunavyovikwepa vyombo vya ndani tulivyovizoea. Mwanamke aliyekaa jirani alitafuta pa kuweka mkoba wake, akauweka mapajani mwa Brashi.

Mwenyekiti akawaomba wote wasimame kwa dakika moja ya ukimya. Wakasimama. Mtu mmoja tu ndiye aliyebaki amekaa, na hakuna aliyemwona kwamba amekaa.

Alipopewa kipaza sauti, Fundi hakuwa na karatasi. "Ndugu zangu," alisema, "Brashi hajafa. Yupo."

"Yupo!" ukumbi ukaitikia.

"Sikilizeni. Yupo hapa. Humu ndani."

"Yupo!" Watu walikuwa wakilia sasa. Mzee mmoja aliyekuwa kwenye mgomo akainua ngumi. "Anaishi!" alipiga kelele, na mamia wakamjibu, "Anaishi! Anaishi!" Mwenyekiti akapiga makofi, na katika jinsi alivyokuwa akimtazama Fundi kulikuwa na pongezi: umecheza vizuri, dada.

Maisha yake yote Fundi alisadiki kwamba ukweli ukisemwa kwa sauti kubwa hufika. Na huu aliusema kwenye kipaza sauti, ukachukuliwa ukafanywa wimbo. Akatupa macho safu ya tatu amwone kaka yake. Aliona mwanamke, aliona njia, aliona ukuta. Akaanza tena toka mwanzo wa safu: mwanamke, njia, ukuta. Mara ya tatu akautafuta mkoba badala ya mtu, akauona umeelea, na chini yake, taratibu, kama rangi inayojitokeza kwenye ukuta uliopakwa chokaa hafifu, magoti.

Wakati huo huo akajua la kufanya. Kulikuwa na jambo moja ambalo watu wale wasingeruhusu afanyiwe maiti.

"Kaka yangu alikuwa mwenye tamaa," alisema.

Makofi yakakatika.

"Mwenye tamaa na mwoga. Mwezi wa pili wa mgomo, mnakumbuka, tuliamka tukakuta ukuta wa kiwanda umeandikwa NAFASI ZA KAZI ZIPO. Herufi nzuri, za buluu. Wakaja watu kutoka kila upande, na kwa wiki moja mgomo ukavunjika. Tulimtafuta aliyeandika. Tukampiga yule mtu wa kupaka rangi wa stesheni hadi akahama mji. Hakuwa yeye."

"Fundi, inatosha," alisema Mwenyekiti.

"Mimi ndiye niliyemsugua Brashi kucha kwa mafuta ya taa. Buluu ilikuwa imemwingia hadi kwenye nyama. Miaka ishirini na mitatu nimenyamaza."

"Marehemu hasemwi hivyo!" alifoka yule mzee wa ngumi. Nyuma viti vilianza kukwaruza sakafu. "Huna haya? Mwache mtu apumzike!"

"Simsemi marehemu. Namsema kaka yangu. Aliwauza! Na pesa ile alininunulia cherehani, na nguo mlizovaa hapo mbele nimezishona mimi kwa cherehani hiyo. Mwenye neno asiniambie mimi. Amwambie yeye!"

Ilitoka sauti. Haikuwa neno, ilikuwa kama mlango mzito unaoburutwa juu ya mchanga, na ilitoka safu ya tatu. Mwanamke wa mkoba aliruka akapiga ukelele. Mkoba ulikuwa umedondoka, au umesukumwa, vitu vyake vimetapakaa njiani, na mkono wa kushoto wa Brashi ulikuwa hewani, unatetemeka, umemwelekea dada yake jukwaani.

Vichwa viligeuka. Safu moja, kisha ya pili, kisha ukumbi mzima, pole pole, kama watu wanaoogopa watakachokiona.

"Mungu wangu," alisema mama mwenye bucha. "Kakonda."

Kilichofuata hakikuwa sherehe. Kinyozi aliketi chini akaufunika uso. Wengine walipanga mstari mbele ya meza ya kamati wakidai bahasha zao, na Fundi, ambaye aliwahi kuwatetea watu hao hao kwa koo lake, akazirudisha moja baada ya nyingine, bila kubishana. Wengine walikuja hadi mbele ya meza, wakamtazama Brashi, wakageuka bila kuchukua kitu. Yule mzee wa ngumi alisimama mbele ya kiti muda mrefu, taya zinamcheza. "Yule mtu wa kupaka rangi alikuwa na watoto wanne," alimwambia Brashi usoni, na akasubiri, kama mtu asubirivyo jibu kwa mtu anayeweza kujibu.

Mwenyekiti alipita na simu zote mbili masikioni. "Ijumaa ni kesho," alisema bila kusimama. "Umekichoma mwenyewe kitanda chake."

Huenda. Fundi hakuzihesabu bahasha zilizobaki. Alizitia kwenye mfuko wa nguo, akauning'iniza nyuma ya kiti, akamsukuma kaka yake kutoka nje kwenye jua la alasiri. Njia nzima alikuwa akizungumza, habari za kituo, za binti wa mazoezi, za namna atakavyomwomba siku mbili zaidi. Brashi alikuwa ameupindisha uso upande wa pili. Shingo ilikuwa imekakamaa kwa hasira, mishipa imemtoka, na masikio yamewiva.

"Ninunie, sawa," alisema Fundi. "Ni haki yako."

Walipofika kwenye mteremko, kiti kikagoma. Alisukuma, hakikwenda. Akadhani ni jiwe, akainama kutazama. Mguu wa kushoto ulikuwa umeshuka kutoka kwenye kibao chake, kisigino kimekita chini, na kiatu kilikuwa kikichimba vumbi.

Akasukuma tena, kwa nguvu. Mguu ukakataa.