Yule wa Mlangoni

Tangu Venance aanze kusoma maandishi ya Kasisi Penhale, kila msiba aliokwenda aliwatazama kwanza watu waliosimama nyuma.

Kitabu alikipata kwa muuza vitabu chakavu sokoni Tunduma, nusu mahubiri, nusu historia ya parishi moja ya Kianglikana huko Uingereza, karne ya kumi na nane. Kiingereza chake kilikuwa kigumu kama mfupa. Venance, aliyeishia darasa la saba na kujifunza vina na mizani peke yake, alikitafuna kwa kamusi na ubishi mpaka kikalainika.

Mahubiri yalisema historia ni baraza dogo kabla ya hukumu kubwa: anayemwacha mtu nje yake atasimama naye huko huko nje. Maneno hayo Venance aliyapenda, akayatia hata kwenye tungo zake. Kilichomnyima usingizi ni ile historia. Kasisi aliandika mazishi ya parishi yake moja baada ya jingine, nani kafa, kwa homa gani, nani alihudhuria. Na chini ya kila mazishi, mwaka nenda mwaka rudi, sentensi ile ile: "Na Yule alikuwepo mlangoni." Mahali pamoja tu alidokeza kwamba Yule ni mwanamke aliyezikwa zamani bila jina lake kusomwa.

Kijiji chote cha Hasamba kilimjua Venance kwa kuandika na kusoma historia za marehemu. Mzee Yesaya alipofariki, mdogo wake, Brayson, alimfuata nyumbani.

"Kaka ameacha watoto: Lwitiko, Priska na Irene. Basi."

"Na Conjesta?"

"Yule wa Tunduma?" Brayson alicheka puani. "Kijana, tumekuita utuandikie, hatujakuita utuzalie."

Kila mtu alijua Conjesta ni damu ya Yesaya. Paji lile la uso halikuhitaji shahidi. Lakini pale kwao, mtoto asiyesomwa kwenye historia haitwi kutupa udongo kaburini, na tangu siku hiyo ukoo haumjui.

Conjesta naye alikuja, vumbi la safari bado miguuni.

"Mshairi, shamba la kahawa wachukue. Mimi nataka kiganja kimoja cha udongo. Mama alikufa akingoja niitwe mtoto wa mtu."

"Nitakusoma, dada."

"Usiniahidi kwa kiburi chako. Wakikukunjia uso tu, utaniruka."

Neno hilo lilimchoma Venance mpaka siku ya mazishi.

Siku hiyo jua lilikuwa kali na mibuni ilikuwa imechanua. Venance alisimama kando ya kaburi akiwa na kipaza sauti, akatazama nyuma. Kwenye pengo la uzio alisimama mwanamke wa kitenge kilichopauka, miguu mitupu. Upepo uliinua kanga za wanawake wote. Kitenge chake kilitulia.

"Mama yule ni nani?" alimnong'oneza Lwitiko.

"Yupi? Pale hapana mtu. Soma, bwana, jua linatuua."

Akasoma. Kuzaliwa, ubatizo, ndoa, kahawa. "Marehemu ameacha watoto: Lwitiko, Priska, Irene..." Brayson alikuwa amemkazia macho. Ingekuwa rahisi kuweka nukta pale. Aliinua macho, mwanamke alikuwa ameshavuka uzio.

"Na Conjesta!"

"Zima hiyo spika!" Brayson alifoka, akamnyang'anya karatasi. Spika ikakoroma, ikafa. Lakini Venance hakuwa mtu wa kutegemea karatasi. Tungo zake zote zilikaa kifuani. Akapaza sauti ikafika barabarani:

"Conjesta binti Yesaya, mtoto wa kwanza! Njoo umzike baba yako!"

Watu wakaguna. Conjesta alipita katikati yao. Priska alimtazama kitambo, kisha akasogea kando kumpa nafasi. Udongo ukagonga jeneza.

Venance aligeuka nyuma kwa majivuno, akitegemea kukuta patupu. Mwanamke alikuwa bado pale, karibu zaidi, akimtazama yeye.

Venance akamsogelea Conjesta. "Dada," alinong'ona, "mama yako aliitwa nani?"

"Loisi. Tulimzika Itumba, mvua inanyesha. Hakuna aliyemsomea hata mstari."

Brayson alikuwa ameshamkwida shati. Venance alivuta pumzi yote iliyobaki.

"Mtoto wa Yesaya na Loisi!" alipiga kelele. "Loisi! Na yeye asomwe!"

Mibuni ikatikisika, kama mtu amepenya kati yake. Pale aliposimama yule mwanamke pakawa patupu. Na pale ukingoni mwa kaburi, Conjesta aligeuka ghafla kutazama bega lake, kama aliyeguswa, ilhali Priska, aliyekuwa jirani yake kuliko wote, alikuwa ameikunja mikono kifuani.