Mpokeaji wa Mitikiso

Jumatatu saa mbili asubuhi fundi alijilaza chini ya gari la mkurugenzi wa barabara, akaunganisha waya wa kompyuta na shokomzoba zake nne. Zilikuwa shokomzoba zenye akili: huliona shimo kabla ya tairi, zikajikunja zenyewe. Shida ni kwamba zikilegezwa, mkurugenzi alishikwa na kichefuchefu. Zikikazwa, kiuno kilimuuma. Mwezi mzima gari lilikuwa nenda rudi gereji.

Safari hii fundi alijaza kila kipengele kwenye kompyuta. Penye "Mpokeaji" akaandika jina la mkewe, kama alivyozoea kwenye fomu zote zinazotaka mtu wa karibu. Kumbe kompyuta ilikuwa inauliza mitikiso ipelekwe kwa nani.

Gari likawa linateleza kama sabuni sakafuni. Mkurugenzi akafurahi, akampa mkono.

Kesho yake mke wa fundi, mwenye mimba ya miezi saba na aliyeamriwa na daktari alale tu, alirushwa kitandani mara thelathini na moja. Mama yake, aliyekuja kumwuguza, alihesabu.

"Hayo ni mashimo ya pale darajani," alisema. "Bwana mkubwa anaenda kazini." Akamwongezea mto.

Walimhamishia sakafuni, kisha kwa dada yake mtaa wa pili. Mitikiso ilimfuata huko huko, asubuhi na jioni.

"Kanifutie hilo jina, baba," mke alimwambia mumewe. "Wawili wameshanitoka. Huyu simtoi."

Jina halikufutika bila saini ya mwenye gari. Fundi akavaa shati lake la heshima, akaenda ofisini kwa mkurugenzi, akaeleza yote akiwa amesimama. Mkurugenzi alimsikiliza kwa upole.

"Pole sana, fundi. Ila mashimo gani? Njia ile napita kila siku, imenyooka kama rula."

"Ukipita wewe, anayeyapata ni mke wangu, mheshimiwa."

"Basi ngoja nikaikague mwenyewe."

Akaenda kuikagua, ndani ya gari lake. Aliporudi aliandika kwamba barabara ni nzima na haihitaji matengenezo. Saini hakuona sababu ya kuiweka. Siku hiyo mke wa fundi alitikiswa mchana pia.

Mtoto alizaliwa Alhamisi, kabla ya wakati, na hakulia. Fundi alimpeleka makaburini kwa miguu, amemkumbatia, akichagua pa kukanyaga. 

Mkurugenzi alikuja kutoa pole. Alikaa dakika kumi, akasema maneno mazuri, akaisifu kazi ya mikono ya fundi mbele ya watu wote. Alipoaga na mlango wa gari kufungwa, wanawake waliokaa na mfiwa kitandani walizishika mbao za kitanda. Mama yake akamzungushia mikono kiunoni. Wakasubiri avuke daraja.